Unga Kitandani

Baridi iliingia mtaani bila kubisha hodi. Jana watu walikuwa barazani wakijipepea kwa magazeti. Leo wameamka meno yakigongana, kila mtu kavaa alichonacho. Kinyozi alitoka na taulo shingoni na soksi mikononi. Muuza feni alifungua duka, akatazama bidhaa zake, akafunga akarudi kulala. Hata mbwa wa jirani, ambaye kelele ndiyo kazi yake, alibweka mara moja akaona hasara.

Mgeni hakuwa na nafasi ya kujikunyata. Hilo ndilo jina alilopewa na mama mkwe wake siku aliyoolewa, na huu mwaka wa tatu bado anaitwa hivyo hivyo. Mama mkwe mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Tanuri, alioka mikate uani tangu ujana wake mpaka mabega yakamgomea. Juzi alitoa kauli mbele ya wanawe: Mgeni aoke peke yake. Mikate ikitoka vizuri, tanuri ni lake. Isipotoka, chumba cha kukandia apewe shemeji yake auzie simu. Alimwachia Mgeni kila kitu isipokuwa sepeto lake la mbao la kutolea mikate; hilo alilitundika ukutani, na mtu asiliguse.

Shemeji hakungoja matokeo. Alifika na futi ya kupimia, makoti mawili mwilini, akaanza na ukuta wa dirishani.

"Hapa rafu," alisema. "Pale kabati la vioo. Vipi shemeji, unga umeumuka?"

"Utaumuka," Mgeni alijibu.

Alijibu bila kusita, ingawa unga ulikuwa umejilalia kwenye mabeseni mawili kama ulivyowekwa. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Jua likiingia dirishani, kivuli cha nondo za dirisha hutambaa sakafuni, na kikigusa kizingiti, unga uko tayari. Bi Tanuri hakujua njia nyingine, na wanawe walilelewa hivyo. Leo mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu. Mume wa Mgeni alisimama katikati ya chumba akikodolea macho sakafu.

"Sasa bila kivuli tutajuaje?" aliuliza.

"Mume wangu, tangu lini kivuli kikaumua unga? Kazi ni ya joto. Shika beseni huko."

Walilibeba beseni moja hadi mdomoni mwa tanuri. Uani upepo ulikuwa unavuma kwa hasira. Upande wa unga uliotazama moto ulianza kukauka na kufanya ngozi, wa pili ukabaki baridi tupu. Mgeni alilirudisha beseni ndani. Hakuogopa, alikasirika. Miaka yote hii aliamka kabla ya kila mtu, akaungua mikono bila kulalamika, na hakuwa tayari kunyang'anywa tanuri na upepo. Alijiuliza jambo moja tu: katika nyumba hii, penye joto ni wapi?

Jibu lilikohoa chumba cha pili.

Bi Tanuri alikuwa amejifunika mablanketi yote ya nyumba, mapazia, na juu yake koti la marehemu mumewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kivuli kimefika?"

"Leo hakifiki. Naomba usogee kidogo."

"Nimpishe nani?"

"Unga."

Bi Tanuri aliinua kichwa. "Mgeni, una akili timamu? Mtu mzima mimi nilale na unga?"

"Mama, umeamka na unga maisha yako yote. Leo lala nao kidogo."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa, kisha akasogea. Beseni moja likakaa ukutani, la pili upande wa mlango, na Mgeni akalifunika lote kundi lile kwa koti. Shemeji alichungulia.

"Hii bekari au wodi?"

"Funga mlango," alisema Bi Tanuri. "Unatuingizia baridi."

Mgeni alikaa ukingoni mwa kitanda. Muda ulipita, na hakuna aliyelitazama dirisha wala sakafu.

"Huyu wa ukutani ananisukuma," Bi Tanuri alisema ghafla.

Mgeni alifunua, akabonyeza unga kwa kidole. Shimo lilijaa polepole. "Tayari."

"Bila kivuli? Nani kakufundisha?"

"Mama yangu. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jirani. Jua tulilisikia kwa watu."

Bi Tanuri naye alibonyeza, mara mbili, akatazama shimo likijaa. "Na siku zote hizi hukusema."

"Hukuniuliza, mama."

Alilisema kwa adabu, lakini alilisema, na kifua chake kikawa chepesi.

Mikate ilipoanza kuiva, mtaa ulifuata harufu. Mgeni alikuwa akiitoa kwa kipande cha bati. Kinyozi aliukumbatia mkate wake kwanza, apate joto, ndipo akaula. Shemeji alikula akiwa amesimama, futi mfukoni.

"Chumba chenyewe kidogo," alisema.

Bi Tanuri alitoka hadi uani na koti lake. Alilitundua sepeto ukutani, akalipangusa mpini.

"Mgeni siku mbili," alisema, akamkabidhi. "Haya mwanangu, iliyobaki itaungua."