Miti ya Jacob

Kama maji yangechotwa kwa megafoni, mtaa wote wa Vulamba hapa Butembo ungekuwa umeshazama. Hivyo ndivyo alivyosema Jokébed, na alisema mbele ya yeyote mwenye masikio, akiwa amekalia bidoni lake tupu kwenye foleni ya chemchemi, huku shemeji yake Phinées, rais wa kamati ya maji, akipita huku na huku na megafoni mkononi na jile, kizibao chake cha kijani.

Kamati hiyo ilizaliwa Beni, katika ukumbi mmoja wa Bungulu, walikokwenda watu wachache wa mtaa kufanya semina. Walirudi na kofia, majile, megafoni moja na neno moja: bassin versant, yaani eneo lote linaloteremshia chemchemi maji. Lo, neno hilo lilivyochoshwa! Phinées alilitia kwenye salamu, akalitia kwenye sala za kufungua mkutano, na siku moja akalitia hata kwenye mazishi, mfiwa akabaki kumkodolea macho.

Chemchemi yenyewe haikulisikia. Zamani bomba lake lilijaza bidoni kabla mtu hajamaliza kuwasalimia wenzake. Sasa lilitoa uzi mwembamba tu, na waliochoka kungoja waliteremka kuchota mtoni, chini ya nyumba zote na vyoo vyote vya kilima. Kavugho, binti mdogo wa Jokébed, alikunywa maji ya huko akalazwa na tifoidi. Aliponea chupuchupu, nywele zikamnyonyoka, na Jokébed akaapa kwamba maji ya mto hayataingia tena nyumbani kwake. Chemchemi ikikauka, hakujua binti yake atakunywa nini.

Kwa hiyo aliichukia kamati kwa moyo wote, na kamati haikumnyima sababu. Kwanza ilisema kosa ni la akina mama wanaofua nguo za watoto, ikasimamisha kibao. Kisha ikasema ni vijana wanaoosha pikipiki, ikazungusha waya. Mwisho ikafunga mlango wa waya huo kwa kufuli, na Phinées akatia ufunguo mfukoni na kwenda nao uwanja wa ndege wa Rughenda kumsindikiza mgeni. Mtaa mzima ukamngoja hadi jua likawa utosini.

"Unafunga mayi na kufuli kama mbuzi?" Jokébed alimwuliza aliporudi. "Ikikimbia, utaifuata na megafoni?"

"Pardon, Mama Jacob. Ni juu ya kulinda bassin versant."

"Linda kwanza kinywa yako."

Watu wakacheka. Phinées akatazama chini kama kawaida yake. Hakuwahi kumjibu shemeji yake neno la ukali, na Jokébed aliamini ni kwa sababu kichwani mwake hamna kitu.

Alipomaliza kumsuta, aliinua macho kwenye mteremko ulio juu ya bomba. Pale ilisimama mikaratusi ya Kitsa, marehemu mume wake. Kitsa aliipanda mwaka aliozaliwa mwana wao Jacob, kusudi siku ya kuoa asihangaike kutafuta nguzo za nyumba wala kuni za kuchomea matofali. Katika ukoo wao miti ya namna hiyo haiguswi mpaka mwenyewe ajenge. Anayeikata mapema ametangaza kwamba mwenyewe hayupo tena. Na Jacob alichukuliwa na waasi shambani, upande wa Beni. Mwili haukuonekana, kilio hakikuwekwa. Jokébed alikuwa akiitwa Mama Jacob na kuitika, na miti ilikuwa ikirefuka.

Siku moja akaja Christa, fundi wa maji kutoka Beni, yule yule aliyeendesha semina. Hakusoma kibao wala hakusifu waya. Alitazama bomba, akatazama mteremko.

"Hii miti ni ya nani?"

Foleni yote ikainamia mabidoni. Mwenye kikohozi alikimeza.

"Ni yenyewe iko inakunywa mayi yenu," Christa akasema. "Donc Président, siku ya kwanza tulibafundisha: hapana mikaratusi karibu na source. Ulisahau?"

"Sikusahau," Phinées akajibu, bila megafoni.

Jokébed akasimama. "Ulijua? Na ukasema ni nguo za batoto?"

"Kila mutu anajua, Mama Jacob. Na wewe unajua. Sasa mi ningesema nini? Nikwambie ukate, ni kama kusema Jacob..."

Hakumaliza. Jokébed alitazama nyuso za foleni, na zote zikamkwepa. Kumbe kibao, waya, kufuli, upuuzi wote ule, ulikuwa wa kumzunguka yeye. Wajinga hawa aliowacheka kila siku walikuwa wakimhurumia. Hilo lilimuuma kuliko matusi yoyote, na liliuma zaidi kwa kuwa ni kweli: alijua. Nani wa Butembo asiyejua jinsi mkaratusi unavyokunywa? Alijua, akaona heri amcheke Phinées.

"Baoga," akasema. "Muliacha mutoto wangu akunywe choo juu ya kuogopa kinywa yangu."

Alikwenda nyumbani, akamkuta Kavugho mlangoni, kitambaa kichwani, anauliza kama maji yamepatikana. Akachukua shoka nyuma ya mlango akarudi nalo, na pigo la kwanza alilipiga mwenyewe, akilia waziwazi. Wanaume wa kamati wakavua majile wakamsaidia.

Mti wa mwisho ulipoanguka, Phinées alishika megafoni. "Bandugu, leo tunamukumbuka..."

"Useme 'marehemu Jacob', nitakutupa ndani ya hii source!" Jokébed akamnyang'anya chombo. "Mutoto wangu akirudi atajenga na nini? Utapanda ingine, kwa shamba yako kule Rughenda, mbali na mayi. Utapanda na mukono yako, ya Jacob."

Phinées akaipanda.

Bomba sasa linajaza bidoni, taratibu. Visiki vya mkaratusi havifi upesi, huchipua, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kuchota Jokébed hupanda mteremko na kuvunja machipukizi kwa mkono. Kisha humtafuta rais wa kamati.

"Miti ya Jacob imefika wapi?"

Phinées huonyesha kwa kiganja: magotini, halafu kiunoni. Juzi alikiweka kifuani, akatabasamu.

Jokébed alikitazama kile kiganja kwa dharau.

"Fupi," akasema. "Mutoto wangu ni murefu."