Mkono wa Denis Ukutani

Siku ya kumaliza msiba wa Manyanda, mjane wake Scola alikuwa uani akichambua mchele. Imakulata, mtani wa ukoo, alikuwa amevaa suruali ya marehemu yenye madoa ya rangi, anatembea kwa matege kama mwenyewe na kuwachora watu hewani kwa mwiko. Watu walishika mbavu. Ndivyo msiba unavyomalizwa: mtani anamwigiza marehemu, anaficha vitu vyake, na hakuna ruhusa ya kununa.

Ukuta wa mbele ulijaa sura alizochora Manyanda. Mpanda mjini mtu hakujiona mtu mpaka Manyanda amkuze pua au tumbo. Kaka yake, Denis, alichorwa akiwa na mikono mifupi, kwa vile haikuwahi kufika mfukoni chai ikinywewa. Scola peke yake hakuchorwa. Mumewe alikuwa akisema bado anamtafutia kasoro.

Katikati ya vicheko Denis alichomoa ufunguo mlangoni, akautia mfukoni. Akatangaza kwamba leo nyumba inalala kwake. Watu wakacheka zaidi, Scola naye, wakijua anatania. Ufunguo haukurudi. Ikawa Denis ndiye anayekuja kufungua asubuhi na kufunga jioni.

Wiki hiyo mkono wake ukaanza kurefuka ukutani. Ulimpita muuza nyama aliyechorwa kando yake, ukazunguka dirisha, ukaelekea mlangoni. Ukoo haukuwa na neno na mkono; ulitaka kujua nani anashika brashi. Mashangazi walinusa vidole vya Scola kutafuta harufu ya rangi. Walipoikosa, wakasema amenawa. Brashi za marehemu zikafungiwa kabatini kwa shangazi mmoja, mkono ukaendelea. Scola naye akaanza kuwachunguza: nani ananyamaza yeye akiingia, nani anamwita mama kwa sauti laini kuliko jana.

Kikao cha ukoo kikakaa. Denis akaeleza kwamba nyumba itunzwe na ukoo, na shemeji arudi kwao Mwamkulu akapumzike. Scola akawaonyesha ukuta. Mkono ulikuwa umefika juu ya mlango na kutoka nje ya plasta, vidole vimekamata ufunguo. Mzee Cletus, mwenyekiti wa kikao, akaugusa. Ulikuwa na joto la mtu.

"Kazi nzuri," alisema. "Ila mchoro ni utani, mama. Utani hauletwi kikaoni."

Denis akasema mdogo wake hata kaburini haachi kumtania.

"Mtani hapa ni mimi," Imakulata alisema. "Wewe ni kaka wa marehemu. Ule ufunguo uliuchukua kama nani?"

Wakampa kuku wake, ujira wa utani, wakamwambia kazi yake imekwisha.

Nyumba sasa ni duka la vifaa vya simu, na kodi inakwenda kwa Denis. Mvua ikinyesha mpangaji huning'iniza mwavuli kwenye ule mkono. Scola akileta mboga sokoni kutoka Mwamkulu hupita upande wa pili wa barabara.

Juzi alivuka. Pembeni ya mlango palikuwa na sura mpya, rangi bado mbichi. Alikuwa yeye, ungo wa mchele mapajani, mdomo umepasuka mpaka masikioni, anacheka. Macho yanatazama ufunguo.

"Amenipatia kasoro," Scola alisema.

Mpangaji alikubali kwamba inafanana sana. Kisha akamwomba asogee kidogo, anawazuia wateja.