Zamu ya Mdogo

Mchomeleaji alisimama juu ya stuli sebuleni, kabureta mkononi, huku mkewe akimpima suruali. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Pini alizibana kwa midomo, kwa hiyo maneno yalimtoka upande mmoja.

"Umepungua tena," alisema.

"Jana nimefunga tangi."

"La asili?"

"La asili."

Mke akapiga mstari wa chaki, akakata, akapinda. Vipande alivyokwisha kukata kwenye suruali za mumewe vilitosha kushona mfuniko wa cherehani na foronya za mito ya makochi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba bandu bandu huisha gogo, na kwamba yeye aliolewa na gogo.

Mchomeleaji alikuwa akikusanya vipikipiki vya zamani, vile vyenye magurudumu ya ukubwa wa sahani, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa wenye nacho na ambavyo siku hizi hutafutwa na wanaume wenye vitambi. Alikuwa na chama chake. Humo mlikuwa na muuza nyama, mng'oa meno na kondakta mstaafu. Jumapili walikwenda kwenye uwanja wa mpira wakazunguka magoti yakiwa karibu na masikio, kisha wakasimama kivulini kubishana kuhusu plagi. Katika chama kizima hakuna mwingine aliyewahi kupungua, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa mkali wa vipuri vya asili kiasi hicho. Wenzake walikipaka kitu rangi ya dukani, wakafunga kioo cha baiskeli, wakasema kimepona.

Kilichompunguza mchomeleaji ni kipikipiki chekundu. Alikikuta kwenye uwanja wa vyuma chakavu, kimegeuzwa kigoda cha pampu ya maji, hakina tangi wala kiti. Alikitambua kwa mchomeo uliokuwa kwenye uma wa mbele. Ulikuwa mchomeo mbaya, umevimba kama kovu la pasi. Mchomeleaji yeyote mwenye heshima zake angeukata na kuuchoma upya. Yeye aliupangusa kutu kwa kidole, akainua kipikipiki begani, akaondoka nacho. Mchomeo ule ulikuwa wa marehemu baba yake.

Baba alikinunua kikiwa kimechakaa tayari, akawaambia wanawe, "Hiki ni chenu wawili." Ndivyo alivyosema, na hakuna aliyewahi kubisha. Lakini meno ya kiki yalikuwa yamelika. Upige kiki mpaka goti litoke jasho, injini haiwaki. Ilibidi mmoja akae juu na mwingine asukume. Kaka alikaa juu. "Mzunguko mmoja tu, dogo," alikuwa akisema, "halafu wewe." Alizunguka tangi la maji la uani, akazunguka tena, na mama akichungulia kwenye dirisha la jikoni alisema, "Mkubwa kwanza. Mdogo atapata zamu." Kaka aliposhuka, petroli ilikuwa imekwisha. Ikawa hivyo mpaka miguu ya kaka ikarefuka ikaburuza chini, naye akakibadilisha kipikipiki kwa redio ya kaseti. Redio ilikuwa yake peke yake.

Mwenye kusukuma alikuwa hajawahi kukiendesha hata mara moja. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka, na mkewe alilijua, na ndiyo maana alikata suruali bila maneno mengi.

Kupungua kulianza na usukani. Aliupata ule wa aina yake hasa, akaufunga, na alipotoka bandani viatu vilimpwaya. Alipofunga kiti cha asili, saa ya mkononi ilimtoka ikaanguka. Alipokosa pedali za kuwekea miguu akafunga za dukani, aliamka amerudi juu kidogo, na mkewe akamtazama wakati wa chai kwa macho ambayo hakuwa amemtazama nayo siku nyingi.

"Hivyo hivyo inatosha," mke alisema. "Acha hizo hizo."

"Si zake."

"Mimi ni wako. Acha."

Alizifungua siku ile ile, akatafuta za asili mpaka akazipata. Ndevu zilibaki, kipara kilibaki, sauti ilibaki nene. Alinyoa akiwa amekaa ndani ya sinki.

Kazini, tajiri wake hakuwa na neno. Alimpa kreti ya soda ya kusimamia, na baadaye akaanza kumpa kazi za ndani ya matangi, maana sasa aliingia mzima na mashine yake bila kujikunja. Wateja walisifu. Daktari alimpima akasema urefu ni wa kawaida kwa mtoto wa darasa la tatu na presha imeshuka vizuri, aendelee hivyo hivyo. Mama yake, ambaye sasa aliishi nao na macho yalikuwa yamefifia, alimpapasa kichwa, akafika kwenye kipara, akasema, "Naam. Sasa umerudi saizi yako. Ulikuwa umezidi."

Kikabaki kitu kimoja. Mmiliki fulani wa katikati alikuwa ameondoa kiki iliyolika meno akaweka nzima. Ile mbovu baba aliiomba akaitunza, kwa sababu baba hakutupa chuma, na ilikuwa kwenye kopo la vifungo la mama. Mchomeleaji aliichukua akaenda nayo bandani. Muuza nyama alikuwa amekuja kuazima spana.

"Subiri kwanza," alisema muuza nyama. "Unatoa kizima unaweka kibovu?"

"Natoa cha watu naweka cha kwake."

"Hakitawaka."

"Hakikuwa kinawaka."

"Ndugu yangu, hata mimi napenda asili. Ila ng'ombe akija machinjoni na kichaa simuuzi na kichaa chake."

"Nishikie hapo," alisema mchomeleaji.

Muuza nyama alishika. Nati ya mwisho ilipokazwa, suruali ya mchomeleaji ilimwanguka. Muuza nyama akamwokotea, akachukua spana yake, akaenda zake.

Kipikipiki kilikuwa kimekamilika, na mchomeleaji alikuwa saizi yake kamili. Miguu ilifika pedali bila kukunjwa sana. Mkewe alimshonea kaptura mpya ya kitambaa kigumu, makalio akayawekea tabaka mbili na kushona mara mbili.

"Nguo huisha pale mtu anapoitumia," alimwambia. "Nikishika suruali ya mtu najua kazi yake. Hii itaisha makalioni. Utakuwa umekaa."

Mchomeleaji akakaa. Akapiga kiki. Kiki ikateleza. Akapiga tena, ikateleza, kwa sauti ile ile ya zamani, kama mtu anayesaga karanga bila meno. Akamgeukia mkewe.

"Nisukume kidogo."

Mke akaweka mikono kiunoni. "Ningekusukuma mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Sisukumi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yuko anayepaswa kukusukuma. Mpigie simu."

"Ana shughuli nyingi."

"Mpigie. Wanasema mkubwa ni jalala. Huyu wenu mkubwa ni kabati lenye kufuli."

Mchomeleaji alipiga simu akiwa ameishika kwa mikono miwili.

"Kaka, njoo Jumamosi. Nataka unisukume."

"Nikusukume wapi?"

"Hapa uani."

"Sawa, dogo," alisema kaka, ambaye alikuwa meneja wa ghala na alizoea kuombwa vitu. "Jumamosi."

Na kweli alikuja. Kaka alikuwa mtu mpana. Alishuka kwenye gari lake, gari likapanda juu kidogo. Alikuwa na tai, maana alitoka kwenye kikao. Alimwamkia mama dirishani, akamsalimu shemeji yake, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amekaa juu ya kipikipiki katikati ya ua, kaptura mpya, miguu ardhini, tayari.

"Umepungua," alisema.

"Kidogo."

"Inakufaa." Akazunguka kipikipiki. Akaona mchomeo. "Pikipiki yangu hii."

"Yetu," alisema mchomeleaji.

"Yetu, ndiyo. Umeitengeneza vizuri sana."

"Shemeji," alisema mke, "umeitwa kusukuma."

"Nasukuma, shem, nasukuma. Nimekuja kwa ajili hiyo."

Akashika usukani ili apate mahali pa kusukumia. Kipikipiki kilikuwa kimekamilika, kwa hiyo hakikuwa na sababu ya kumpunguza polepole. Kaka alipungua pale pale. Tai ilifika magotini. Suruali ilikaa chini kama boma na yeye akasimama ndani yake na shati lake, kitambi bado mbele. Hakuna aliyemuuliza juu ya jambo hilo. Mchomeleaji aliona tu kwamba kaka alimzidi kichwa kizima, kama zamani.

"Dogo," alisema kaka. Mikono ilikuwa bado kwenye usukani. "Hii imekaa siku nyingi. Breki umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Ukiwa juu?"

"Haijawaka, ningejaribu vipi nikiwa juu?"

"Unaona? Sasa ikiwaka ikakukimbiza ukutani, nimwambie nini mama? Ngoja niipashe moto. Mzunguko mmoja tu. Halafu wewe."

"Usishuke," alisema mke.

Mchomeleaji alishika usukani. Kaka naye alishika. Walikaa hivyo, vidole kwa vidole, mmoja na kipara na mwingine na mvi, na chuma kati yao. Mchomeleaji alikuwa na mikono ya mchomeleaji na kaka alikuwa na mikono ya meneja. Kwa nguvu tu, jambo lingekuwa limekwisha.

Dirisha la jikoni likafunguka. Mama hakuwaona vizuri, lakini ukimya wa wana wawili uani aliufahamu.

"Mnagombania nini? Mkubwa kwanza! Mdogo atapata zamu."

Mchomeleaji akashuka.

Alizunguka nyuma, akaweka viganja kwenye kiti ambacho alikuwa amekitafuta kwa msimu mzima wa mvua, akasukuma. Alijua mahali pa kuanzia kukimbia na mahali pa kuachia. Karibu na tangi la maji injini ilikohoa, ikawaka, moshi wa bluu ukamjaa usoni, naye akaanguka kwa magoti. Harufu ilikuwa ya asili kabisa.

Kaka alizunguka. Shati lilijaa upepo, tai ikapepea begani. Alicheka kwa sauti nene ya mtu mzima. Alizunguka tena, na tena, na kila alipopita alinyanyua kidole kimoja kumaanisha mmoja tu.

Mke alitoka na utepe wake wa kupimia shingoni akasimama kando ya mumewe.

"Zamu yako lini?"

"Akimaliza mzunguko huu."

Mke alimpangusa vumbi magotini, akatazama kitambaa, akarudi ndani.

Petroli ilikwisha kwenye mzunguko mwingine. Mchomeleaji alikuwa amefunga tangi la asili, na tangi la asili ni dogo. Kaka akashuka, na mguu wake ulipoachana na pedali akarudi mpana kama alivyokuja. Akavaa suruali yake, akakaza mkanda.

"Iko vizuri," alisema. "Ila inahema hema kwenye kona. Tazama kabureta."

"Nitaitazama."

"Jumamosi ijayo, basi. Zamu yako hiyo." Akamuaga mama, akaingia garini, gari likashuka chini kidogo.

Mchomeleaji alikisukuma kipikipiki mpaka bandani. Alikifuta, akakaza nati zilizolegea, akafungua kabureta akaipuliza. Kiki hakuigusa.

Jumamosi iliyofuata kaka alikuja na kofia yake ya pikipiki, mpya, ya saizi ndogo. Jumamosi nyingine alikuja na kaptura. Majirani walizoea sauti ile, na mama alilala usingizi mzuri mchana, dirisha wazi. Mchomeleaji hakurudi urefu wake, kwa sababu hakufungua kipuri hata kimoja. Kazini aliendelea kuingia matangini.

Msimu ulipogeuka, mke alichukua ile kaptura aliyomshonea akaigeuza nje ndani kwenye mwanga wa cherehani. Makalio yalikuwa mapya, uzi wa pili haujaguswa. Magoti yalikuwa yametoboka yote mawili. Akatafuta kipande kwenye mabaki ya suruali za zamani za mumewe, akakata viraka viwili, akavishona mara mbili.

"Ijaribu," alisema.

Mumewe akaijaribu. Ilimkaa sawasawa. Nje, gari lilikuwa linapiga honi langoni.