Usimpe Karani Mgongo

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mgongo wa Dokta. Karani alikuwa mezani, taa yake ndogo ya kijani inawaka, anasubiri kuambiwa. Dokta naye alikuwa kwenye sinki, uso ukutani, ananawa huku anaongea. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo yangu. Nikajisemea moyoni, huyu Karani ana kazi.

Karani si mtu. Ni kompyuta yenye maiki ya kusimama, iliyoletwa kwenye zahanati yetu ili Dokta aseme habari za mgonjwa, yenyewe iandike. Jina alipewa na dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Dada ni muuguzi, na ndiye aliyenitafutia kazi ya usafi pale. Yeye mwenyewe wanamwita Redio, kwa sababu hazimwi. Mimi wananiita Kimya. Tukipita pamoja kwenye korido watu husema mmoja wetu alizaliwa na maneno ya wote wawili.

Dokta wetu ni mama mtu mzima. Aliteleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, na mfupa ukaunga vibaya. Tangu hapo kalamu haikai mkononi, na akibonyeza vitufe kwa muda mrefu anakaza meno kwa maumivu. Ndiyo maana aliletewa Karani. Mimi nilimpenda Dokta kwa jambo moja: akiongea nawe anakutazama usoni. Isipokuwa akiwa kwenye sinki. Alizoea tangu ujana wake kwamba mgonjwa akitoka tu, mikono iende majini. Na kwa kuwa foleni haikuisha, akaona ayafanye yote kwa mkupuo mmoja, kunawa na kumwambia Karani.

Jumatatu msimamizi wa zahanati akaja na karatasi mkononi. Ni mwanaume anayepiga pasi mpaka leso. Alisimama katikati ya chumba akasoma kwa sauti:

"'Mgonjwa anakohoa, hasa asubuhi. Kifua nimekisikiliza. Mikono imebana, shingo imekwenda upande, nikamwambia fundi, hili ni gauni au gunia?'"

Akashusha karatasi. "Dokta, huyu babu anavaa gauni?"

Mimi niliinamia dekio langu nisionekane nacheka. Redio, aliyekuwa kando ya kabati, alishika mdomo.

"Ni mimi," akasema. "Niliingia kuchukua bandeji, nikamsimulia Dokta habari za fundi wangu. Sikujua kama taa inawaka. Lakini na huyu Karani naye, mbona mbea hivyo?"

"Karani anaandika anachosikia," msimamizi akasema. "Ya gauni tucheke. Hii je?"

Karatasi ya pili hakuna aliyeicheka. Ilikuwa ya mtoto mwenye homa. Jina la dawa lilikuwepo, lakini kiasi cha kumpa hakikuwepo, sentensi imekatika katikati. Mtu wa dawa alikataa kuitoa mpaka aje kuuliza.

"Na kama asingeuliza?" msimamizi akasema, safari hii kwa upole. "Mama yangu, Ijumaa nitakuja kukaa humu ndani nisikilize. Kama mambo ni haya haya, Karani anarudi alikotoka, na wewe utahamia ofisi ya stoo. Daktari asiyeweza kuandika siwezi kumpa wagonjwa."

Dokta alikaa kwenye kiti chake. "Stoo kuna maboksi," akasema. "Sasa boksi nitaliuliza linaumwa wapi?"

Alitaka kutuchekesha, lakini mkono wake mbovu ulikuwa unaishika meza kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona.

Jioni hiyo wagonjwa walipoisha, alimwita Redio afanye kama mgonjwa, ili wafanye mazoezi. Mimi nilikuwa nafuta madirisha.

"Unaumwa nini, mama?" Dokta akamuuliza.

"Kichwa, Dokta. Kilinianza juzi, siku ile mwenye nyumba alipokuja kupiga kelele kwamba nimeanika nguo kwenye kamba yake. Yeye kamba kainunua wapi? Halafu kikashuka shingoni, na shingo yenyewe, unamkumbuka shemeji yangu yule mrefu..."

"Toka."

"Lakini sijafika kwenye miguu!"

"Toka, uniachie Kimya."

Nilikalia kiti cha mgonjwa, mikono kwenye magoti. Kiti kile kilikuwa kimeliweka sinki upande wangu wa kushoto. Dokta akainuka kama kawaida yake, akafungua bomba, akaanza. Niliona mabega yake yanacheza, nikajua anaongea, basi. Maji yalikuwa yanagonga bati la sinki, feni inazunguka juu. Nilimtazama Karani. Taa yake ya kijani ilikuwa imetulia tu, kama jicho la mtu anayeitikia asichokielewa. Nalijua jicho hilo.

Dokta akageuka ghafla, mikono inachuruzika. "Mwanangu, nimekuuliza mara ngapi? Mbona una haya hivyo?"

"Sikusikia, Dokta," nikasema. "Maji."

Ilikuwa kweli, ila nusu. Nusu nyingine nikaimeza, kama nilivyozoea.

Alinitazama. Akatazama bomba. Akamtazama Karani, akaenda kusoma kwenye kioo cha kompyuta. Palikuwa na maneno machache, yametawanyika kama mbegu zilizomwagika.

"Kumbe Karani namlaumu bure," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe umekaa hapo una macho, unaniona, na bado hunipati. Yeye hana hata macho. Mimi naongea na ukuta, halafu nataka yeye ajibu!"

Akafunga bomba. Kisha akazima na feni.

Kuanzia hapo kila jioni tulifanya mazoezi, mimi kiti cha mgonjwa, yeye chake. Nilijifunza kwa kumwona. Alinawa kwanza, akakausha, akakaa, ndipo akawasha taa ya kijani. Aliifikiria sentensi mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo, akaisema yote bila kukimbia, akapumzika. Majina ya dawa ambayo Karani alikuwa anayakosea alimfundisha moja moja, kwa subira, kama mtoto anayefundishwa kusalimia wakubwa. Kiasi cha dawa alikisema polepole, kisha akasoma kila kitu kwenye kioo kabla ya kuhifadhi. Siku moja alikuta kosa akaruka kwa furaha. "Nimelikamata! Juzi lingenipita hili!" Mimi nilikuwa mgonjwa wa kila kitu wiki ile, tumbo, malaria, hata mimba ya mapacha.

Kazi kubwa ilikuwa Redio.

"Taa ya kijani ikiwaka, wewe unafunga," Dokta akamwambia.

"Na nikipasuka je, Dokta?"

"Nitakushona."

Ijumaa msimamizi akaja, akakaa pembeni amekunja nne. Aliingia babu mmoja, na mke wake nyuma yake. Dokta alimuuliza babu, bibi akajibu.

"Anakohoa huyu. Usiku halali, na mimi silali. Na magoti yangu, daktari, yanauma kweli kweli."

"Bibi, mwache mzee aseme," Dokta akamwambia.

"Akisema atakudanganya."

"Kikohozi ni chake au changu?" babu akauliza.

Wakati wote huo taa ilikuwa imezimwa. Dokta alisikiliza kifua, akamaliza, akaenda kunawa, kimya kabisa. Nilikuwa mlangoni na dekio ambalo halikuwa linafuta kitu. Akafunga bomba, akakausha mikono, akazima feni, akakaa. Akawageukia wale wazee.

"Sasa namwambia Karani. Ninyi sikilizeni. Nikikosea, ninyoosheeni kidole."

Akawasha. Alisema umri wa babu, kikohozi, kilipoanza, alichokisikia kifuani. Babu akanyoosha kidole. Dokta akazima taa.

"Hakikuanza mwezi uliopita," babu akasema. "Kilianza tulipohamia chumba chenye ukungu. Muda mrefu sasa."

"Si nilikwambia atakudanganya? Kwangu alisema ni vumbi tu!"

Dokta akasahihisha, akamalizia na dawa, akasoma yote kwa sauti. Redio alikuwa amesimama kando ya kabati, mashavu yamevimba, lakini hakutoa hata pumzi. Msimamizi akainuka, akasoma kwenye kioo. Akasoma tena.

"Na magoti ya bibi yako wapi?"

"Bibi ana faili lake," Dokta akasema. "Anafuata yeye."

Msimamizi akakunja miwani yake. "Basi maboksi yatafute mtu mwingine," akasema, akatoka. Redio akaachia pumzi na kigelegele vyote kwa pamoja, bibi akaitikia bila kujua ni cha nini.

Mchana ulipopoa nikaingia kupiga deki. Dokta alikuwa bado kitini. Hakuwa kwenye sinki. Alikuwa amenigeukia.

"Kaa," akasema, akionyesha kiti cha mgonjwa.

"Si tumeshinda, Dokta? Mazoezi ya nini tena?"

"Wiki nzima umekuwa mgonjwa wa bandia. Nimekuona unavyogeuza kichwa ukiitwa. Siku ile hayakuwa maji peke yake." Alikuwa anaongea polepole, ananitazama usoni. "Ukitaka tu. Usipotaka, chukua ndoo yako, tutabaki marafiki."

Redio alichungulia mlangoni, akaniona nilipokaa, akafunga mlango taratibu bila neno. Sijawahi kumwona hivyo.

Dokta akazima feni. Akaivuta maiki upande wangu, akawasha. Ile taa ya kijani ikanitazama.

Nikavuta pumzi, nikaifikiria sentensi mpaka mwisho, kama nilivyomwona yeye akifanya. Kisha nikasema:

"Sikio langu la kushoto halisikii, tangu nikiwa mtoto. Shuleni nilikalishwa nyuma, na mwalimu alikuwa anaongea huku anaandika ubaoni, ametupa mgongo. Nyumbani niliwaambia nimeacha kwa sababu sipendi kusoma. Si kweli. Nilikuwa napenda."