Mshindi Ndiye Hufungua Jina

Kuna mgeni mmoja, wajukuu zangu. Ukimwacha alale, mtaishi naye miaka na miaka. Ukimgonga bega aamke, habaki mtu wa kumkaribisha chai. Mfikirieni taratibu mgeni huyo, huku tunakwenda zetu Igoma, kwenye kibanda cha gemu cha Mama Gladness, Jumamosi moja jioni, bati likiwa bado linachoma.

Ndani watu walikuwa wamebanana kama dagaa gunioni. Kwenye luninga kubwa majitu mawili ya chuma yalikuwa yanauana. Jitu la Masalu, fundi wa kuchomelea, lilikuwa limeandikwa kifuani HE-76. La kaka yake Ngosha liliandikwa AP-30. Jitu la Masalu lilimkaba mwenzake koo, likamgongesha kwenye ghorofa mpaka ghorofa likamwaga vigae kama mti unavyomwaga majani. AP-30 likapiga goti, mafuta meusi yakimtoka puani. Likajaribu kuinuka. HE-76 likamkanyaga mgongoni, likashika kichwa kwa mikono miwili, likazungusha, likang'oa. Nyaya zikaning'inia kama utumbo wa mbuzi wa sikukuu. Kibanda kizima kikapiga yowe, vumbi likatimka sakafuni.

Sasa msikie desturi ya pale. Majina ya majitu hayo yalitungwa kwa herufi za kijeshi. Wanajeshi ni watu wa kukata maneno. Nasi wenyewe tunasema JWTZ tangu utotoni na hakuna aliyewahi kutufafanulia. Lakini kwa Mama Gladness hakuna aliyejali wenye gemu walikusudia nini. Sheria ilikuwa moja: mshindi ndiye hufungua jina. Anazipa herufi maana anayotaka, na maana hiyo hudumu mpaka atokee wa kumpiga. Wiki iliyotangulia Yeremia, kibarua wa Ngosha kwenye skrepa, alishinda kwa AP akaifungua kuwa "Acha Porojo", na Igoma nzima ikashinda nayo. Hata mteja aliyelilia kupunguziwa bei ya nyanya alijibiwa, "AP, baba, AP!"

"Jina!" Mama Gladness aliita, kama mtu anayetega kitendawili.

"Lifungue!" mabenchi yakajibu.

Masalu alisimama na pedi mkononi, jasho linamtiririka, ushindi umempanda kichwani kama pombe ya mtama. Akamtazama kaka yake.

"H ni Hana," akasema. "E ni Elimu."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabara ya Musoma. Maana Igoma yote ilijua. Baba yao alipofariki, Ngosha alitoka shule darasa la nne akaenda kupasua mawe, ili mdogo wake asome mpaka kidato cha nne. Kuna watumishi wawili wa tumbo moja: mmoja hulima hachoki, mwingine hula hashibi. Ni mkono na mdomo. Kwao Ngosha alikuwa mkono, Masalu akawa mdomo.

Masalu aliona kicheko kikimwingia kaka yake kama mwiba wa sato kooni. Ngosha aliweka pedi chini polepole, akainama asigonge kizingiti, akatoka. Masalu alitaka kulirudisha lile neno, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivutia.

Na jambo moja lilikuwa bado halijamtoka Masalu kinywani. Maana ya kweli ya HE yeye alikuwa anaijua. Siku moja pedi iligoma, gemu likabaki kwenye ule ukurasa wa maelezo ambao wachezaji wote huuruka. Akaona mchoro wa kombora la mzinga, lina mkanda wa rangi ya njano, na maneno ya Kiingereza pembeni. Akayatafsiri kwa simu. Herufi hizo wanajeshi huziandika kwenye kombora lililojaa kilipuzi kikali, la kupasuka na kuua kila aliye karibu. Ile sabini na sita ni upana wa tumbo lake kwa milimita. AP nayo ni risasi ya kutoboa chuma cha kifaru. Akanyamaza nayo. Maana kama hiyo haichekeshi mtu.

Jumatatu asubuhi Kaijage, mnunuzi wa skrepa kutoka Kagera, alifika na guta la magurudumu matatu, mzigo alioushusha kwenye lori umelijaza mpaka linaguna. Uwanja wa Ngosha uko nyuma tu ya kibanda cha gemu: lundo la mabati, injini zilizokufa, kipande cha reli kilichokuwa ndilo fuawe lake la kugongea vyuma. Ngosha alikuwa anachambua kwa mkono, hamsemeshi mtu. Masalu alikuwa kwenye kona yake anachomelea geti, naye hasemeshwi.

"Na hili bibi kizee nibebeeni kwa heshima," Kaijage alisema akishusha kitu kirefu, kizito, kimevaa matope makavu. "Jamaa alilifukua migombani kule Missenyi, anachimba shimo la mbolea. Mkewe analiegeshea mlango wa jiko tangu mtoto wao wa kwanza. Kiunoni ana pete ya shaba, kichwani kofia ya shaba. Bibi harusi huyo!"

"Shaba nzuri," Ngosha akasema. Ndiyo maneno yake ya kwanza siku hiyo.

Yeremia alichovya tambara kwenye petroli akaanza kulisugua. Matope yakatoka. Ikatokea rangi ya njano iliyofifia, kisha herufi mbili, kisha namba. Yeremia akaachia mikono, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bosi! Bosi, njoo uone! HE sabini na sita! Hana Elimu amekuja mwenyewe kwa guta!"

Masalu alizima mashine. Alivua miwani, akatazama, akautambua ule mkanda wa njano. Huyo ndiye mgeni wangu wa kitendawili, wajukuu. Amelala migombani tangu vita vya Amin, ameshika mlango wa jiko, na sasa Ngosha anatafuta nyundo kubwa amvue kofia.

"Kaka, usiliguse!" Masalu akapiga kelele. "Hilo ni bomu! HE ni kilipuzi! Ni herufi za jeshi!"

Ngosha aligeuka taratibu. "Leo HE ni bomu."

"Ndiyo, kaka."

"Juzi ilikuwa nini?"

"Juzi nilikuwa natania."

"Ulinitania mbele ya nani? Mbele ya watoto wa watu. Leo nimepata shaba, umekuja na utani mwingine, niikimbie shaba yangu wanicheke tena. Eti, Yeremia?"

"Mtunga Hana Elimu anaogopa chuma," Yeremia akasema, bado anafuta machozi ya kicheko. "Masalu, kama ni bomu lingelipuka kwenye lori toka Kagera. Mashimo yote yale ya njiani!"

"Kaijage, waambie!"

Kaijage alikuwa ameshapanda guta lake. "Mimi si wa hapa," akasema, akawasha, akaondoka.

Masalu alikimbia akasimama kati ya kaka yake na kile chuma. Ngosha akaweka nyundo chini.

"Kwenu si mshindi ndiye hufungua jina?" akauliza. "Haya. Nishinde. Vidole viweke mfukoni, leo ni ngumi."

Ngumi ya kwanza ilimpata Masalu mdomoni, jino likaingia ndani likamkwama ulimini. Akalitema pamoja na damu, akarudi na kichwa. Akampiga Ngosha kwenye mwanzi wa pua, akasikia kitu kikibonyea. Damu ikamshuka kaka mtu mpaka kidevuni. Ngosha hata hakujifuta. Alimshika mdogo wake ukosi na mkanda, akamwinua kama kiroba cha mahindi, akambwaga juu ya lundo la mabati. Bati moja likamchana Masalu mgongo toka bega mpaka kiuno. Kabla hajavuta pumzi teke likamwingia mbavuni, na kule ndani kitu kikaalika.

"HE ni nini?" Ngosha akauliza.

"Bomu."

Teke.

"Sema tu ni utani wako, nikuache. HE ni nini?"

Uso wa Masalu ulikuwa kwenye vumbi la chuma, jicho moja limeshafunga. Kusema lile jingine kungekuwa rahisi kama kumeza mate.

"Ni bomu, kaka. Litakuua."

Ngosha alimkanyaga mkono, akasaga vidole kwa kisigino, kisha akatema damu pembeni akamwacha. Alilibeba lile kombora akalilaza kwenye reli. "Shika kiuno," akamwambia Yeremia. Yeremia akashika, anatabasamu. Ngosha akapanua miguu, akashika nyundo kwa mikono miwili, akaipandisha.

Wahenga walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo lisiposikika, hawakutuachia neno. Masalu alipapasa chini, mkono ukakutana na kipande cha nondo. Hakujua ameinuka vipi. Nyundo ilipofika juu kabisa, inataka kushuka, aliipiga ile nondo kwa nguvu zake zote kwenye mkono wa kulia wa kaka yake, juu ya kiwiko.

Mfupa ulilia kama shina la muhogo mkavu. Nyundo ikaanguka nyuma, ikachimba ardhi. Ngosha akatazama mkono wake, akaona ncha nyeupe imetoboa ngozi, na ndipo akapiga ukelele ambao Mama Gladness aliusikia akiwa ndani akaacha chai ikimwagika.

Yeremia kwa mshtuko akaachia. Kombora likabingirika kwenye reli, kofia ya shaba ikitangulia kuelekea chini.

Masalu akajitupa. Lilimwangukia tumboni, zito, la baridi kama chura, akalikumbatia kwa mikono yote miwili akakunja magoti kulizunguka. Akabaki hivyo, hathubutu hata kukohoa.

Yeremia yeye aliona jambo moja tu: mtu amemvunja bosi wake mkono. Akaokota spana. Ya kwanza akampiga Masalu begani. Ya pili kisogoni. Ya tatu sikioni, sikio likapasuka. "Inuka! Inuka mwanaharamu, upigane!" Masalu hakuinuka, wala hakunyanyua mkono kujikinga. Damu ikamwingia kwenye jicho lililobaki wazi, naye amelikumbatia tu lile dude, akilikinga kwa mwili lisije likapigwa likatikisika.

"Yeremia!" Ilikuwa sauti ya Mama Gladness, mlangoni, sufuria bado mkononi. "Yeremia, acha! Hebu mtazame huyo mtu. Unampiga kichwani na mikono yake hataki kuiachia. Nani anakumbatia skrepa hivyo?"

Spana ikabaki hewani. Yeremia alitazama ile mikono. Vidole vilivyosagwa, vimevimba, vimeshika chuma kama mama anavyoshika kichanga kilicholala baada ya homa, anaogopa asikiamshe. Kicheko chote cha Igoma kikamtoka Yeremia kwa mara moja. Suruali yake ikalowa.

"Mama yangu," akasema. "Ni kweli."

"Mtoe Ngosha," Masalu akanong'ona. "Kwanza mtoeni Ngosha."

Wakamburuta Ngosha, anatukana na kulia, mpaka ng'ambo ya barabara. Masalu alibaki peke yake. Aliteleza kwa makalio, inchi kwa inchi, mbavu zikimchoma, mpaka kwenye fungu la mchanga wa ujenzi, akalilaza lile kombora kama mtu anayelaza mgonjwa. Akajitoa chini yake mguu mmoja, halafu mwingine. Alipofika kwa watu alizirai.

Mwenyekiti wa mtaa alipiga simu, na mchana wanajeshi wakaja na gari lenye magunia ya mchanga. Mkubwa wao alimwamkia Mama Gladness shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaingia uwanjani peke yake. Alipotoka uso ulikuwa umemsawijika. Watu wote wakasogezwa mpaka mabondeni. Dude likachukuliwa kwenda kwenye shimo la kokoto lililoachwa.

Ngosha na Masalu walikuwa wamelazwa kituo kimoja cha afya, vitanda vinatazamana. Rebeka, mke wa Ngosha, alikaa katikati yao akiwa amempa shemeji yake mgongo.

"Umemlemaza mume wangu," alikuwa anasema kwa ukuta. "Daktari kasema mfupa utaunga, lakini nyundo asahau. Nyundo ndiyo ilikusomesha wewe. Umekivunja kisima ulichonywea."

Ngosha alikuwa ameangalia dari tangu alipofungwa ule mkono.

Kisha ukaja mshindo. Haukuwa kama radi. Radi hutoka juu. Huu ulitoka chini, ukapanda kwenye miguu ya vitanda, madirisha yakalia, kikombe cha Rebeka kikatembea mezani kikaanguka. Kunguru wote wa Igoma wakaruka kwa pamoja. Mtoto mmoja akaanza kulia wodini.

Rebeka akajiziba mdomo kwa kanga. Akageuka, kwa mara ya kwanza, akamtazama Masalu.

Ngosha aliketi. Akashusha miguu chini, akavuka ile nafasi ndogo akiyumba, akasimama juu ya mdogo wake. Akainua mkono wa kushoto, akamnasa kofi la shavu ambalo lilifungua upya midomo iliyoshonwa.

"Hilo la mkono wangu," akasema.

"Sawa, kaka."

Ngosha alisimama hapo, anahema, kijasho kinamtoka. Halafu akaegemea kitanda.

"Inuka basi unishike. Nataka kwenda msalani, na suruali hii siwezi kuifungua kwa mkono mmoja."