Bodi Isiyoinamishwa

Kiwandani walimwita Daktari, na jina lilimkaa vizuri, maana kazi yake ilikuwa kupiga eksirei. Wagonjwa wake walikuwa bodi za umeme, zile zinazofungwa ndani ya mashine za kuwadondoshea watu dawa hospitalini. Chini ya tumbo la kila chipu kuna vitone vya lehemu, madini ya kuunganishia yanayoyeyuka kwa moto, vinavyoishikilia, vidogo kuliko punje ya mtama, na hakuna macho ya mtu yanayoweza kuviona pale vilipojificha. Eksirei huviona. Kitone kizima hutokea kwenye skrini kama duara jeusi. Viwili vikishikana, bodi hiyo ni maiti.

Aliyezipika bodi hizo kwenye tanuri alikuwa Kitinda, mdogo wake wa tumbo moja. Daktari, dada mkubwa, ndiye aliyemleta kiwandani na kumfundisha kazi, tangu kuvaa glavu. Sasa mwanafunzi alikuwa ametia fora. Kila Msimamizi alipopita karibu na tanuri alisema, "Kitinda, mikono yako imebusiwa na Mungu." Na Msimamizi huyo alikuwa mbioni kustaafu. Kiti chake kingekwenda kwa mmoja wa ndugu hawa wawili, na kila mtu alilijua hilo.

Tusirembe maneno: Daktari aliona wivu. Si wivu wa kununa kidogo ukapita. Huu ulilala naye na kuamka naye. Mama yao akipiga simu kuuliza mdogo wake anaendeleaje, alijibu "yupo tu," kama anayeulizwa habari za kabati. Kazini alizipekua bodi za Kitinda kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto wa jirani, na kila siku alitoka mikono mitupu huku roho inamuuma.

Asubuhi moja akapata. Kwenye kona ya chipu, maduara mawili yalikuwa yamekumbatiana.

Chumba cha eksirei kilikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe: ukiona vitone vimeshikana, funga mdomo, inamisha bodi kwanza. Eksirei hupenya kila kitu, kwa hiyo kifaa kilichobandikwa upande wa chini huweza kutupa kivuli kikaonekana kimegusa kitone cha juu. Bodi ikiinamishwa, vya uongo huachana, vya kweli hubaki vimeng'ang'aniana. Kwa kosa la kutoinamisha, Daktari alikuwa amewakaripia watu mpaka wakalia.

Mkono wake ulifika kwenye kitufe cha kuinamisha. Akauondoa. Akafungua mlango na kuita kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye tanuri, "Msimamizi! Njoo uione mikono iliyobusiwa!"

Watu wakajaa mlangoni. Kitinda aliitazama skrini.

"Si iinamishwe kwanza?" fundi mmoja akanong'ona.

Kitinda akamgeukia kwa ukali. "Unamwambia nani? Dada hasemi neno kabla hajainamisha. Kosa ni langu."

Daktari angeweza kusema hapo hapo. Lakini utamu wa ushindi ulikuwa bado mdomoni.

"Zima tanuri," Msimamizi akasema kwa huzuni. "Kitinda, mwanangu, nenda kwanza chumba cha kufungasha. Mengine tutayazungumza."

Walipotawanyika, Daktari alibaki na skrini yake. Akabonyeza kitufe. Bodi ikalala ubavu, na yale maduara yakaachana taratibu, nafasi nyeupe katikati yao. Moja lilikuwa kivuli cha kifaa cha upande wa chini. Mdogo wake hakuwa na kosa hata chembe.

Kando yake kulikuwa na pipa la bodi mbovu, zinazosagwa kila jioni. Angeitumbukiza tu, na nani angejua? Aliishika bodi juu ya pipa mpaka vidole vikamuuma. Kisha akapiga moyo konde, akaenda nayo chumba cha kufungasha, mbele ya Msimamizi na watu wote.

"Bodi ni nzima," akasema. "Sikuinamisha."

Kitinda alikuwa na boksi mkononi. Akaliweka chini. "Ulisahau, dada," akasema upesi, kama anayemfungulia mlango. "Si ulisahau?"

"Sikusahau."

Kitinda akachukua glavu zake, akazivaa kidole kwa kidole kama alivyofundishwa, akaenda mpaka mlangoni.

"Msimamizi," akasema bila kugeuka, "kuanzia leo bodi zangu naomba aziangalie mtu mwingine."

Daktari akasimama pale, na wivu ukampanda upya. Safari hii alimwonea wivu huyo mtu mwingine.