Karatasi Chini ya Kopo la Sukari

Bibi Turan alijua karatasi ilipo. Ilikuwa chini ya kopo la sukari, na tangu majira ya baridi hakuthubutu kuigusa.

Siku mjukuu wake Parastu alipobandikwa tabaka jeupe kwenye meno sita ya mbele, mdomo ulikuwa umekufa ganzi, hakuwa na hali ya kusikiliza. Daktari wa meno, Rastegar, akampa bibi maelezo yote, na karatasi iliyoyaandika. Siku mbili asinywe chai wala asile zafarani. Baada ya hapo chai iwe kidogo, asukutue kwa maji kila anywapo, asibane donge la sukari kwa meno ya mbele, arudi baada ya miezi mitatu kung'arishwa.

Lakini Parastu alikuwa akija kwake kila alasiri kunywa chai ya samovari, birika kubwa lenye koki, donge la sukari katikati ya meno, kama bibi mwenyewe alivyomfundisha. Chai ikikatazwa, atafuata nini kwa mwanamke mzee?

"Daktari alisemaje?" Parastu aliuliza kesho yake.

"Alisema ujitunze," bibi akajibu, akamimina.

Sasa ni kiangazi, na keshokutwa watu wa kina Kamyar, kijana anayemtaka Parastu, wanakuja kuposa.

"Tazama, Bibi. Meno ya manjano kama wali wa harusi," Parastu alisema, kioo mkononi. "Yule daktari amenibandika takataka. Leo atanisikia."

Bibi akajitanda chadori yake, wakaenda pamoja.

"Hukunieleza chochote," Parastu alimwambia daktari, wagonjwa wengine wakisikia.

"Nilieleza kuhusu chai..." Daktari akamtazama bibi, akayaona macho yake yakimsihi. "Pengine sikueleza vizuri. Kaa nikuangalie, binti."

Upole ule ulimchoma bibi kuliko tusi.

"Alieleza," akasema. "Aliniambia mimi. Karatasi nimeificha chini ya kopo la sukari. Niliogopa usipokunywa chai hutakuja tena."

Parastu aligeuka amjibu, lakini daktari alikwisha kumwambia afumbue kinywa. Saa nzima hakuweza kusema. Bibi alikaa pembeni akisikiliza mashine ikisugua, akitamani angalau agombezwe.

Rangi ya manjano ilitoka, isipokuwa kwenye jino moja ambalo tabaka lake lilibidi kukwanguliwa na kubandikwa upya.

"Siku mbili bila chai," daktari alisema.

"Keshokutwa nawapelekea wageni sinia la chai, Daktari."

"Wapelekee. Wanywe wao."

Nyumbani kwa bibi, Parastu aliinua kopo, akaisoma karatasi mstari kwa mstari, amesimama.

"Hata komamanga limekatazwa?"

"Hata komamanga. Nisamehe, mwanangu."

"Uliniacha nimtukane mtu bure, Bibi. Kesho utanisindikiza nikamwombe radhi." Kisha akaketi mahali pake pa siku zote. "Nimiminie maji ya moto."

"Maji matupu?"

"Kwani kwetu hakuna chai? Unadhani huku nafuata chai?"

Bibi akafungua koki ya samovari. Parastu akaishika gilasi kwa chini, mpaka ikajaa.